Ukienda Matema, usijifanye samaki

Hebu tuambizane ukweli. Kijana wa Dar es Salaam akisema wikiendi anakwenda "kuogelea", mara tisa kati ya kumi anakwenda Coco Beach kula mihogo ya kukaanga na mishikaki, analowanisha suruali mpaka magotini, anapiga picha za mapozi na kurudi zake Temeke na mchanga viatuni. Mwenye nafasi zaidi anavuka na pantoni kwenda Kigamboni. Jumatatu ofisini usimguse, anajua maji kuliko pweza!

Simlaumu. Mabwawa ya mjini yako hotelini na kiingilio chake kinauma, na shule zetu nyingi zilitufundisha mito yote ya dunia bila kututia hata mmoja. Lakini wiki hii nakutoa kwenye chumvi. Nakupeleka Matema, Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, kule ambako Bonde la Ufa limeamua kuonyesha ufundi wake wote kwa mkupuo mmoja. Ni pazuri mno. Na kwa kuwa ni pazuri mno, watu wanapoteza akili wakifika. Nitakusimulia yote mawili.

Tulikuwa watano: binamu yangu, dada wawili ambao mmoja wao ni muuguzi, jamaa yetu fundi wa redio pale Kariakoo, na mimi. Ilikuwa Septemba, na huo mwezi tuliuchagua kwa makusudi. Kyela inanyeshewa haswa, mvua zake zinaburuzika mpaka Mei wakati kwingine watu wameshaanika mahindi. Halafu mvua zikiisha, kuanzia Mei hadi Agosti unavuma upepo wa kusini, ule ambao ng'ambo ya Malawi wanauita mwera, na unapiga ziwa lile kwa urefu wake wote. Hebu piga hesabu: ziwa lina urefu wa kilometa zipatazo 580, na Matema iko kwenye ncha ya juu kabisa. Wimbi likianza safari kule kusini, mpaka linafika kwako limeshakuwa mtu mzima.

Ukitaka raha ya njiani panda treni ya TAZARA mpaka Mbeya. Inapita katikati ya pori ambalo zamani lilikuwa Selous na tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ukibahatika unamwona tembo dirishani huku umeshika kikombe cha chai. Mwenye haraka apande basi. Yapo yanayokwenda moja kwa moja hadi Kyela kupitia Iringa na Makambako. Sisi tulikwenda na treni. Fundi alilala njia nzima na tembo hakumwona.

Kutoka Mbeya unakata kulia pale Uyole, na hapo ndipo safari inapoanza kunoga. Barabara inapanda, baridi inaingia, mlima Rungwe unakaa pembeni na ukungu wake kichwani kama bibi kajitanda. Tukuyu ni kijani tupu: chai, migomba, maparachichi, viazi, na mvua ambayo wenyeji wanaizungumzia kama mtu wa ukoo. Kisha gari linaanza kuteremka, masikio yanaziba, sweta linavuliwa, dirisha linafunguliwa, na ukifika Kikusya unatokwa jasho kama uko Tandale mwezi wa Februari. Umetoka kwenye chai umeingia kwenye kakao na mpunga. Hapo unaacha barabara ya Kyela mjini na mpakani Kasumulu, unashika ile ya Ipinda. Zamani kipande hiki kilikuwa mtihani wa imani, mvua ikinyesha watu wanashuka kusukuma. Siku hizi kuna lami.

ZIWA LENYEWE

Bwana wee! Mimi nimeona maji mengi, lakini Matema ilinifanya nikae chini. Upande wa mashariki milima ya Livingstone inasimama wima, zaidi ya meta 1,000 juu ya maji, na miguu yake imetumbukia ziwani moja kwa moja bila kuacha hata pa kupitisha gari. Mbele yako maji yanakwenda mpaka macho yanachoka. Mchanga ni wa kijivujivu, mitumbwi ya gogo moja imelazwa kama viatu mlangoni, watoto wanaanika usipa, na harufu ya dagaa hao inachanganyika na moshi wa kuni. Kuna nyumba za wageni kandokando ya ufuko, nyingine za kanisa la Kilutheri ambalo limekaa huku tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani, na ukitoka kitandani hatua hamsini uko majini.

Na kina je? Sehemu za ziwa hili zina kina cha zaidi ya meta 700. Pandanisha minara ya makanisa yote ya Mbeya bado hutagusa juu. Kwa ukubwa Afrika linazidiwa na Victoria na Tanganyika tu, na kwa idadi ya aina za samaki halina mpinzani duniani, wataalamu wanahesabu mamia na mamia na bado wanaendelea. Wenzetu wanaliita Ziwa Malawi, sisi Nyasa, na maneno ya mpaka tuwaachie wakubwa. Samaki hawana pasipoti.

Sasa sikiliza. Jioni ile ile fundi alishaanza kuvua shati. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu chini ya mwembe, tukaenda kumwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmetoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Aa, pwani. Kwa hiyo mnajua maji."

"Sana tu, mzee," fundi akajibu. Mzee akacheka bila kuinua macho.

"Mnajua maji ya chumvi. Yale yanakubeba. Haya hayakubebi, haya yanakuangalia tu."

Nimelifikiria sana neno lile, na ni kweli tupu. Maji ya bahari ni mazito zaidi kwa sababu ya chumvi, kwa hiyo mwili unaelea juu kidogo. Ndani ya maji baridi unakaa chini zaidi, mdomo unakuwa karibu na maji, na kila wimbi dogo linakuomba funguo za koo. Mtu aliyezoea Kigamboni anaweza kuchoka Matema kwa nusu ya umbali aliouzoea. Halafu ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa kukupa ratiba. Kuna upepo tu, na upepo hautangazwi redioni.

Mzee alitupa na mengine. Asubuhi, alisema, ndiyo saa ya maji: ziwa limelala, unaona mpaka vidole vyako. Mchana upepo unaamka na mawimbi yanaanza kuja ufukweni. Tusiende karibu na mdomo wa mto, hasa Lufilyo upande wa magharibi, kwa sababu pale maji ni ya matope na mamba anapenda mahali ambapo yeye anakuona na wewe humwoni. Kiboko naye hupita. Usiku hakuna kuoga ziwani, uwe umezaliwa hapa ama Ulaya. Na upande wa milimani, penye mawe, tusisimame tukadhani chini kuna mchanga: hatua moja maji kiunoni, hatua ya pili hakuna chini.

"Na mkiingia wawili, wawili wabaki nje na dumu," akamalizia.

Dumu gani tena? Lile lile la njano la lita 20 unalochotea maji Manzese. Likiwa tupu na limefungwa vizuri linamshika mtu mzima juu ya maji bila shida. Mzee alituazima moja lenye kamba ndefu ya katani mkononi mwake. Maboya ya kukodi na majaketi ya kuokolea hatukuyaona pale ufukweni, wala mlinzi mwenye filimbi kama wale wa kwenye sinema. Mlinzi wako ni mwenzako.

FUNDI NA MTUMBWI

Siku ya kwanza ilikwenda kama asali. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko majini, tunaogelea sambamba na ufuko, maji ya kifuani, wawili ndani na wawili nje, mmoja anakaanga mayai. Sambamba na ufuko, msomaji, siyo kuelekea Malawi! Ukichoka unasimama tu. Huo ndio mtindo wa watu wanaoogelea maji ya wazi duniani kote na hauna ushamba wowote. Anayeelekea katikati kuonyesha watu kifua anaongeza umbali mara mbili, maana hakuna daladala ya kumrudisha.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, fundi alikuwa ameshakunywa bia mbili. Unajua Waswahili kwa utani: mlevi tunasema kapiga maji. Basi aliyepiga maji asiingie majini, hayo ni maji mawili yasiyopatana. Tulimwambia. Dada muuguzi alimwambia mara mbili, mara ya pili bila kutabasamu. Akasema anakwenda tu kugusa ule mtumbwi uliofungwa pale mbele, "hapo hapo", arudi. Mbali kiasi gani? Ziwani macho yanadanganya, hakuna nyumba wala nguzo ya kupimia. Alipokuwa ameshaingia, mimi na dada yule tukasogea ukingoni na dumu letu.

Alikwenda vizuri mpaka kama nusu. Upepo ulikuwa umeamka, mawimbi yanamjia usoni moja baada ya jingine. Nikaona mikono imeacha kwenda mbele. Kichwa kimekaa nyuma, mdomo uko usawa wa maji, unafunguka na kufunga. Mikono inakandamiza maji pembeni kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo. Hapigi kelele. Hatupungii.

Hili nataka ulisome polepole. Sinema zimetuharibu, tunangoja mtu apige ukelele na kurusha mikono ndipo tujue anazama. Mtu anayezama kweli hana pumzi ya kupigia kelele. Anakuwa kimya na amesimama wima. Watu wanaweza kuwa wanakunywa soda hatua ishirini toka alipo wakadhani anacheza. Duniani, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021.

Mwili wangu wote ulitaka kujitosa. Dada akanikamata shati kwa nyuma. "Ukienda wewe nitazika wawili," akasema. Ana haki. Mtu anayezama anakamata chochote na anakikwea, awe rafiki, awe mama yake. Hukumu yangu ni kwamba mikono ya dada yule iliokoa watu wawili siku ile. Tulipiga kelele sisi badala ya fundi, na kijana mmoja wa pale, hata miaka kumi na minane sidhani, alishausukuma mtumbwi kabla hatujamaliza sentensi. Nikamrushia dumu. Alipiga kafi kama mara thelathini, hakumkaribia fundi kabisa, akalirusha lile dumu likaangukia kifuani mwake huku kamba imebaki mtumbwini. Fundi alilikumbatia kama mtoto aliyepotea Sabasaba. Kijana hakumpandisha, maana mtumbwi wa gogo ungepinduka; alimburuta taratibu mpaka mchangani.

Alitapika maji na bia, akakohoa robo saa. Watu wakajaa, na ushauri ukajaa pia. Mmoja anasema aning'inizwe miguu juu, mwingine akandamizwe tumbo maji yatoke. Muuguzi wetu akawafukuza wote kwa heshima. Alitueleza baadaye: kukandamiza tumbo kunamtapisha mtu na matapishi yanaingia mapafuni. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi kwanza kwa sababu alichokosa ni hewa, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, rudia, huku mwingine anakimbilia msaada. Kama anapumua, mlaze ubavu na mpeleke hospitali hata akisema yuko poa, maana mapafu yenye maji yanaweza kuchachamaa saa kadhaa baadaye. Matema ina hospitali, fundi alipelekwa akasikilizwa kifua, akaruhusiwa jioni. Hakuongea mpaka wakati wa kula. Tulikula wali wa Kyela na samaki aina ya mbasa, na yeye alimaliza sahani yake, nikajua yuko hai.

Yule kijana tulipomtafuta kumpa chochote alikuwa ameshaingia ziwani kutega. Mama yake ndiye aliyetupokea. Nikamwambia "ndaga fijo", Kinyakyusa changu chote kikaishia hapo, akacheka mpaka akashika mbavu. Akatuambia jambo ambalo laiti fundi angelijua mapema: mtoto wa pale hafundishwi kwanza kuogelea, anafundishwa kulala juu ya maji. Ukichoka, geuka chali, acha masikio yazame, tanua mikono, tazama mawingu, vuta pumzi. Ukitulia mwili wenyewe unakuweka juu. Ukipigana nao unakushusha. Kesho yake asubuhi fundi alikuwa katika maji ya kiunoni akijifunza kulala chali, na walimu wake walikuwa watoto wawili wa darasa la tatu.

KUNA KINGINE KISICHOPIGA KELELE

Sasa tuzungumze kichocho, usifunge gazeti.

Kwa miaka mingi watalii waliambiwa Ziwa Nyasa halina kichocho, na hoteli za ng'ambo zilifurahia sana habari hiyo. Mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wakijitolea Malawi waliugua vibaya, vijidudu vimefika mpaka kwenye mfumo wa fahamu, na wote waliwahi kuogelea Cape Maclear upande wa kusini wa ziwa. Wageni waishio Malawi walipopimwa, kama theluthi moja walikuwa nacho. Wenyeji bila shaka hawakushangaa. Watafiti wengine wanasema samaki nao wamo katika kesi hii: wapo samaki wa ziwa hili ambao chakula chao ni konokono, na walipovuliwa kupita kiasi karibu na ufuko, konokono walipumua. Na konokono ndiye mwenye nyumba, kijidudu cha kichocho ni mpangaji wake.

Kinakuingiaje? Siyo kwa kunywa. Vijidudu hutoka kwenye konokono, vinaogelea, vinakuta ngozi yako na kutoboa ndani ya dakika chache. Unaweza kuwashwa kidogo, unaweza usihisi kitu. Vinatoka kwa wingi jua linapopanda, kuanzia katikati ya asubuhi mpaka alasiri. Unaona jinsi mambo yanavyolingana? Saa aliyoisema mzee kwa ajili ya upepo ndiyo hiyo hiyo ya kumkwepa mpangaji. Mahali pabaya zaidi ni maji yaliyosimama, penye matete na magugu, penye watu wengi wanaofua na kujisaidia. Maji ya wazi yenye mawimbi yana nafuu. Nafuu, sikusema usalama. Kule kusini wamewakuta konokono hata kwenye mchanga wa wazi. Kujifuta haraka na taulo ukitoka si vibaya, ila usiifanye taulo kuwa chanjo. Na ukijisaidia ziwani wewe ndiye unayewalisha konokono, kwa hiyo tumia choo kama mtu aliyelelewa.

Dalili zinaweza kuchukua wiki kadhaa: homa isiyoeleweka, uchovu, tumbo, damu mwishoni mwa mkojo. Na hapa nawaambia akina dada bila kuficha. Kichocho cha mkojo kinaweza kushambulia sehemu za siri za mwanamke, kikaleta maumivu, uchafu na kutokwa damu, akaambiwa ana ugonjwa wa zinaa, ndoa ikavunjika bure. Wataalamu pia wanakihusisha na kurahisisha maambukizo ya virusi vya Ukimwi. Ukiwa na historia ya kuoga ziwani au mtoni, mwambie daktari hata kama hakukuuliza. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, inapimwa kwa uzito wa mwili na si ghali. Ila haiui vizuri vijidudu vichanga, kwa hiyo kuimeza kwenye basi la kurudi ni kujidanganya. Subiri miezi miwili hadi mitatu, kapime, ndipo umeze.

Nisije nikakutisha ukabaki na bwawa lako la hoteli. Siku ya tatu tulichukua mtumbwi kwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kina mama wa pale wanafinyanga vyungu ambavyo vimekwenda mpaka kwenye jiko la shangazi yako. Hawana gurudumu. Mkono mmoja ndani, mmoja nje, udongo unazunguka, na chungu kinatoka mviringo kuliko sahani ya kiwandani. Kisha vinasuguliwa, vinachorwa, vinachomwa, vinapakiwa mitumbwini. Jumamosi vinashushwa kwenye soko la Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema, vikiwa vimefungwa kwa nyasi safari ya Mbeya na kwingineko. Mtumbwi umejaa vyungu mpaka pomoni na mama ametulia katikati yake! Sisi tukiwa watano tu tulikuwa tumeshika kingo kwa mikono miwili, na dumu la njano miguuni.

Njiani, penye mawe, nilivaa miwani ya kuogelea nikatumbukiza uso. Usiniambie kitu. Samaki wadogo wa bluu, wa njano, wenye milia kama jezi, wanazunguka jiwe lao kama watoto wa mtaa mmoja. Ndio hawa hawa matajiri wa Ulaya wanaowafuga kwenye vioo sebuleni. Wewe unawaona bure, nyumbani kwao.

Na kuna siku utaona moshi mnene unasimama katikati ya ziwa. Mgeni anaweza kuapa meli inaungua. Ni wadudu, mabilioni ya visubi vinavyopanda kutoka majini kwa pamoja. Wakija upande wako funga mdomo. Wenyeji wa kandokando ya ziwa hili wanawakamata, wanawakanda na kuwakaanga. Binamu yangu alionja akasema kama dagaa aliyesagwa. Mimi nilikuwa nimeshiba.

Haya, ya vitendo. Nenda kati ya Septemba na mwanzoni mwa Novemba. Ngurumo ikisikika toka majini mara moja, radi haichagui. Chukua chandarua, malaria ya Kyela haina utani. Chukua kofia na mafuta ya jua hata kama wewe ni mweusi kama mimi, mgongo wangu ulibabuka. Vaa ndala za kufunga kwa ajili ya mawe. Kanga au kaptula ya kawaida inatosha kijijini, bikini acha kwa picha za ufukwe wa hoteli, watu wa pale wana heshima zao. Beba fedha taslimu. Dumu usibebe, mwombe mtu, na kwa kuliomba utakuwa umemwamkia mzee, na kwa kumwamkia mzee utaambiwa wapi mamba alionekana juzi. Habari hiyo huipati kwenye simu.

Mwezi wa Desemba sote watano tulikwenda kupima, kwa amri ya muuguzi wetu. Wanne tulikuwa salama. Aliyekutwa nacho hakuwa fundi, msomaji, alikuwa binamu yangu, ambaye kila jioni, mchana bado mkali, alikwenda kufua soksi zake kwenye kijito chenye matete nyuma ya nyumba ya wageni kwa sababu hakutaka kulowana ziwani. Alimeza vidonge vyake pale pale, vikubwa na vichungu, akalalamika kizunguzungu siku moja, yakaisha. Fundi yeye amekwisha nunua dumu lake mwenyewe na kamba meta ishirini. Limekaa dukani Kariakoo juu ya kabati la redio, na wateja wanamuuliza kila siku kama pale pia anauza mafuta ya taa.